Baba Anataka Kuiona Tanga

Dirma, Hanang
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kwako kaka Margwe,

Shikamoo kaka. Salamu kwanza, maana hata mwenye haraka hupiga hodi. U hali gani huko uliko? Unalala pazuri? Unakula? Nasikia joto la Tanga linamchemsha mtu kama kiazi, nawe ndiye uliyekuwa ukilala na koti hapa Dirma hata miezi ambayo wenzio wanavua shati. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Bado nafundisha darasa la nne na bado sijaolewa, kwa hiyo usije ukasikia vinginevyo ukaniwekea kinyongo kwamba sikukualika. Shangazi Letisia ni mzima, anagombana kama kawaida na kila anayepitisha mbuzi karibu na maharage yake. Ng'ombe wapo. Baba nitamfikia. Nivumilie, maana Baba ndiye barua yenyewe.

Usishangae kupata karatasi wakati watu wote wana simu. Namba yako haipatikani tangu tulipomzika Mama, na yule dada wa kwenye mtandao anayeniambia nijaribu tena baadaye tumeshazoeana kama ndugu. Barua hii nimeiandika kwa mkono mara tatu, neno kwa neno, nikampa Abdillah, mtoto wa Mzee Abdulrahmani mwenye duka Katesh, ambaye siku hizi anasafirisha vitunguu saumu vya Mbulu mpaka Tanga. Moja ataiacha Pongwe, moja Muheza, moja Maramba, kwa watu anaosema wanakufahamu. Zikikufikia zote, soma moja, nyingine washia moto.

Habari inaanzia mwezi wa sita, tulipokuwa tumemaliza kupiga maharage. Baba aliniita akaniambia kwamba anataka kuiona Tanga kabla hajafa. Nilicheka, Mungu anisamehe. Baba huyu ambaye alifika Arusha mara moja tu maishani, akarudi siku ya pili akisema hawezi kukaa mahali ambapo watoto wanampita mzee bila shikamoo! Nikamuuliza Tanga kuna nini. Akasema ni kwa ajili ya babu yake, Tluway, yule aliyechukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo ya vita vya kwanza. Hadithi hiyo unaijua, tumeisikia tangu wadogo: aliondoka na vijana wenzake wa huku juu, wakashushwa pwani, na hakurudi wala hakuna aliyerudisha hata fimbo yake. Baba akasema haifai mtu wa ukoo wetu alale ugenini zaidi ya miaka mia bila hata mjukuu mmoja kwenda kumwamkia. Nikaona ana haki. Nilimwonea fahari pia, maana sikujua kwamba lilikuwa linamkaa moyoni kiasi hicho.

Unanijua mimi na historia. Ukinipa mwaka na jina la gavana, njaa inaniisha. Nilianza kupanga siku ileile. Nikampigia simu mwenye nyumba ya wageni Tanga mjini, mama mmoja mwenye huruma anayeitwa Raya, akawa ananieleza kila kitu mpaka salio langu linakata, kisha ananipigia yeye. Nikapanga hivi: tulale kwake siku zote, tutoke asubuhi na kurudi jioni. Siku ya kwanza tubaki mjini, tuyaone makaburi ya vita na sehemu ambayo Waingereza walishuka melini mwaka 1914 wakatimuliwa. Siku inayofuata twende Jasini, kule mpakani, ambako walipigana tena. Kisha Muheza na kupanda Amani, ambako Wajerumani walikuwa wakitengeneza dawa wakati vita vimewafungia bandari. Mwisho Pangani, tuyaone majumba ya kale, turudi kwetu. Nilipomsomea Baba habari za nyuki waliotoka kwenye mizinga wakawauma askari katikati ya vita, aliuliza maswali ya mfugaji: mizinga ilikuwa ya miti gani, ilitundikwa juu kiasi gani. Akasema nyuki wale walikuwa na akili kuliko maofisa. Jioni ile ilikuwa nzuri, kaka. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika ndani ya nyumba hii tangu Mama aondoke.

Lakini kila nilipomaliza kupanga, Baba alikuwa akivuruga. Pangani aliikataa kabisa. Akasema badala yake twende Maramba. Nikamwambia Maramba sijasoma popote kwamba palipiganwa vita. Akajibu kwamba wapagazi hawakupigana, walipita tu, na mimi najuaje walipopita. Haya. Mara akataka tushuke Pongwe, tena si kupita na gari, tushuke tutembee. Mara akataka siku nzima Muheza, sokoni kwenye machungwa na kwa mafundi wa pikipiki, wakati mimi nimepanga tupite tu kuelekea Amani. Nilimuuliza, kwa sauti ya mwalimu, je, babu Tluway alikuwa akitengeneza pikipiki mwaka 1914? Alinyanyuka akaenda kwa ng'ombe wake, na siku mbili hakunisemesha. Nilidhani ni uzee. Nilidhani ameanza kuchanganya mambo, na mimi, mtoto mwenye elimu, nikawa namwonea huruma ya dharau ambayo naionea aibu ninapoandika.

Sasa nikuambie kuhusu ugonjwa, maana bila huo hutaelewa haraka yangu. Mwaka jana, baada ya mavuno, sauti ya Baba ilianza kukwaruza. Tukasema ni vumbi la kupura. Tukampa tangawizi, asali, mafuta ya kondoo, kila jirani na dawa yake. Kwenye harusi ya mtoto wa Yonas, jirani yetu, wazee wakamwomba aongoze slufay, yale maombi marefu ya wazee wetu, kama alivyofanya maisha yake yote. Wewe unajua jinsi Baba alivyokuwa akiombea mvua, ng'ombe, wanawake wenye mimba na mipaka ya nchi, na wazee wanaitikia mpaka mwili unasisimka. Siku ile alifika katikati sauti ikakatika. Akafungua mdomo, hakuna kitu. Wazee waliendelea kuitikia maneno ambayo hayakusemwa, kwa heshima, mpaka mzee mwingine akadakia. Baba alikaa chini na hakunywa pombe waliyompa.

Hospitali wamesema ni uvimbe kwenye koo, mbaya, na umekaa kwenye kisanduku chenyewe cha sauti. Dawa peke yake haitoshi. Wanataka kumpasua na kukiondoa chote, apumue kwa tundu la shingoni. Ataishi, daktari alisema, kama hatachelewa, lakini hatasema tena. Baba alisikiliza, akamshukuru daktari kwa adabu, akaomba kofia yake, akatoka. Njiani akaniambia kwamba atapasuliwa akishatoka Tanga. Si kabla. Nilimsihi, nikamlilia, nikamletea Katekista Festo na hata padri. Alikuwa akijibu jambo moja tu, kwamba ana kazi ya kufanya Tanga na kazi yenyewe inahitaji mdomo. Nikajiuliza, mdomo wa nini? Kaburi lisilojulikana linahitaji maneno gani ambayo mtu hawezi kuyasema kimoyomoyo? Daktari alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba kila usiku awe karibu na hospitali, maana uvimbe unaweza kuziba hewa ghafla. Ndiyo sababu kila safari niliyopanga ni ya kwenda na kurudi.

Mwezi uliopita nilikwenda Katesh kununua chaki nikamkuta Abdillah dukani kwa baba yake. Tukasalimiana, akauliza hali ya mzee, kisha akasema, kama mtu anayezungumza jambo ninalolijua tayari, kwamba mzee anatia huruma jinsi anavyokutafuta. Nikamuuliza anamtafuta nani. Abdillah akanishangaa. Akasema kwamba Baba alikuja dukani kwao mwezi wa tano, amevaa koti la kanisani, akamwomba amweleze kila mahali alipokuona. Naye akamweleza: kwanza alikuona Pongwe ukiziba pancha, halafu Muheza ukitengeneza pikipiki karibu na soko la machungwa, na mara ya mwisho Maramba ukiendesha trekta. Na akaongeza, bila nia mbaya, kwamba huwa hukai. Ukifika mahali miezi michache, unahama, hata pakiwa na kazi nzuri, wala huagi mtu. Abdillah anasema Baba aliposikia hivyo alikaa chini palepale juu ya magunia ya vitunguu saumu, na wakaona anatoka jasho.

Nilielewa nikiwa bado nimeshika chaki zangu. Wewe na mimi tulikuwepo pale kaburini, Desemba ile. Tope lilikuwa halijakauka kwenye viatu vya watu. Baba alisema kwa Kiiraqw, mbele ya wazee na mbele ya jeneza la Mama, kwamba mlango wake haukujui tena, na kwamba popote utakapolala, pakikucha pakukatae. Watu walimshika mdomo, lakini neno lilikuwa limetoka. Wewe ulitupa udongo wako kaburini, ukaondoka bila hata kunawa mikono. Sasa Baba anasikia kwamba kweli kila mahali panakukataa. Unahitaji nani akufafanulie anachofikiri?

Padri amemwambia kwamba Mungu hafungwi na maneno ya hasira ya mzee aliyefiwa, na kwamba ameshasamehewa. Baba anakubali. Anasema Mungu amemsamehe, hana wasiwasi na Mungu. Lakini neno lilitoka kwenye mdomo wake, likaenda kukaa juu yako, na kwa desturi yetu aliyefunga ndiye anayefungua, kwa mdomo uleule, ana kwa ana, akupulizie maziwa kifuani na kulitaja neno lile na kulirudisha. Nikamwambia yote hayo angeweza kuyasema kwenye simu tukikupata, au nimrekodi. Aliniangalia kama nimesema tumtume mbuzi ubatizoni. Simu haina mate, alisema. Na kama atapasuliwa kabla ya kukuona, utabaki na laana hiyo hadi kufa, wewe na watoto utakaowazaa. Unaweza kucheka, kaka. Mimi nimesoma, nafundisha sayansi darasa la nne, na sicheki.

Kwa hiyo sikumwambia kwamba nimejua. Niliona aibu kumvua nguo baba yangu. Nikaendelea kumpangia safari zake za vita, ila sasa nikawa naziweka Pongwe na Maramba bila kubisha, na yeye akawa ananiangalia kwa pembeni. Tukawa tunadanganyana kwa upendo. Nilikuwa nahesabu kwamba shule zikifungwa Septemba tutaondoka, tutazunguka, na kama Mungu yupo tutakukuta uko chini ya trekta. Lakini Ijumaa iliyopita, akinywa uji, alikabwa. Uso ulibadilika rangi. Shangazi Letisia alimpiga mgongoni huku akiita majina ya watakatifu wote anaowajua na wawili ambao nadhani hawapo. Hewa ilirudi, lakini ilirudi na mlio kama wa mlango mkavu, na mlio huo haujaondoka. Jumamosi daktari alinieleza kwa simu kwamba kumzungusha mtu wa hali hiyo siku nne porini ni kumpeleka kufa. Nimpeleke akapasuliwe mara moja. Nilimweleza Baba. Akakataa kwa kichwa. Akaonyesha karatasi yangu ya safari kwa kidole, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Alikuwa tayari kufia Maramba mradi awe amefika.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Nisikilize vizuri, kaka, kisha unihukumu unavyotaka. Nilimwambia Baba kwamba umepatikana. Nilimwambia Abdillah amekuona, mmezungumza, na umetuma neno kwamba utatusubiri Tanga mjini kwenye makaburi ya vita, Alhamisi ya tarehe 18 mwezi huu asubuhi. Sijui kwa nini nilitaja makaburi. Yalikuwa ndiyo mstari wa kwanza kwenye karatasi na sikuwa na kitu kingine mdomoni. Nilimwambia wewe mwenyewe ndiye uliyepachagua. Nilisema uongo huo bila kupepesa macho, mimi ninayewachapa watoto wa watu kwa uongo wa daftari.

Nilitegemea aniulize nimejuaje, nani kasema, lini. Hakuuliza hata moja. Alichukua karatasi, akachukua kalamu kutoka kwenye nywele zangu, akaifuta Jasini. Akaifuta Amani. Akazifuta Maramba na Pongwe na Muheza, taratibu, mstari juu ya mstari, mpaka ikabaki siku moja tu. Kisha akaniambia kwa ile sauti iliyobaki kwamba nimpigie daktari. Akitoka Tanga, hata Ijumaa yake, wamkate popote wanapotaka. Nikampigia, na nafasi ikapatikana hukohuko pwani, Jumatatu itakayofuata. Amekubali kaka. Nilikimbilia nyuma ya zizi nikalia, nusu kwa furaha na nusu kwa hofu, maana nilikuwa nimemnunulia Baba uhai kwa kitu ambacho sina.

Ningeishia hapa. Lakini Baba alinifuata nyuma ya zizi, akakaa juu ya jiwe la kunolea mapanga, akasema kwamba kama wewe umekubali kumwona, basi hana haki ya kuendelea kunificha mimi. Alizungumza muda mrefu, kwa kupumzika, na sehemu nyingine nilisoma midomo yake tu.

Alisema kwamba Jumamosi ile ya Desemba Mama alikuwa amemaliza kliniki ya macho Katesh, na wewe ulikuwa umeazima pikipiki na koti la mvua ili umrudishe nyumbani. Mama alikuwa ameshapanda, amejifunga kanga kichwani. Akampigia Baba kumwambia kwamba wanakuja. Na Baba ndiye aliyekataa. Alisema mvua ni kubwa, mtaanguka, mwache huyo mwanamke alale Katesh, aje Jumapili baada ya misa. Mama akashuka. Asubuhi ukatoka kumtafutia maziwa ya chai, na mlima ukashuka na tope lake, ukarudi na maziwa yako hukukuta nyumba.

Na Baba anasema ulisikia kila neno, kwa sababu Mama alikuwa hajui kuongea na simu bila kuiweka sauti kubwa, akiishika mbali na uso kama mtu anayeshika chura. Ulikuwa umesimama pale umeshika usukani. Ulijua. Kisha siku ya maziko mmoja wa wazee akauliza, bila ubaya, ni nani aliyemwambia Helena alale Katesh. Baba anasema alikuangalia. Anasema alikuwa akingoja useme. Wewe ukainamisha kichwa ukanyamaza. Wazee wote wakageuka kukuangalia wewe, na Baba akaona mlango umefunguka, akapita. Alichukua ukimya wako akauvaa. Laana ile, anasema, hakukutupia wewe. Alikuwa akiitupa mbali na yeye mwenyewe, nawe ndiye uliyekuwa umesimama pale.

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ya pili, au mwezi wa pili, au Krismasi. Alisema kila siku aliyochelewa ilifanya ya kesho iwe nzito zaidi. Kisha sauti ikaanza kumwacha, akajua muda umekwisha.

Kwa hiyo haendi Tanga kwa ajili ya babu Tluway, japokuwa anasema tukipata nafasi tutamsalimia naye. Na haendi kukufungulia laana tu. Anakuja kukuomba msamaha, mzee wa miaka sabini na minane, na anataka kuuomba kwa mdomo wakati mdomo upo. Akishakuambia wewe anataka akirudi niwaite wazee walewale, mimi niseme kwa niaba yake, maana yeye atakuwa hawezi tena. Nimekubali. Nitasema mbele yao kila kitu.

Tangu Jumamosi hii iliyopita hajasema neno na mtu yeyote. Anaitunza sauti. Akitaka maji anaonyesha, akitaka ng'ombe watolewe anapiga makofi, na Shangazi Letisia, ambaye hajawahi kukaa na mtu asiyemjibu, anakaribia kuchanganyikiwa. Asubuhi tu, akiwa peke yake kwa ng'ombe, namsikia akijaribu maneno yake kwa kunong'ona, mara moja, kuona kama bado yapo. Amenituma nimfulie koti lake. Ameuliza kwa ishara kama maziwa yatafika Tanga bila kuganda, nikamwambia tutanunua hukohuko kwa Raya, akakunja uso, kwa sababu haamini kwamba ng'ombe wa pwani wana maziwa ya maana.

Tutaondoka hapa Jumanne ya tarehe 16, tulale Arusha, Jumatano tuwe Tanga. Makaburi hayo mwendesha bodaboda yeyote atakupeleka ukimwambia makaburi ya vita vya Wajerumani, Raya amenihakikishia. Tutakuwa pale tangu saa mbili asubuhi. Baba amekonda, usishtuke, na usimwambie kwamba amekonda. Usimpigie magoti wewe kwanza, maana nahofia atashindwa kusema. Mwache aanze. Hata kama sauti haitatoka vizuri, itikia tu, kama wazee walivyoitikia kwenye harusi. Mimi nitakaa mbali, nitajifanya nasoma majina kwenye mawe.

Najua sina haki ya kukuomba. Umebeba kosa la mtu mwingine karibu miaka miwili, umelala nalo Pongwe, umeamka nalo Maramba, na sisi hapa tulikuwa tukisema hukumpenda Mama. Mimi pia nilisema. Kama una hasira, njoo nayo, ipo nafasi. Kama huwezi kumsamehe, njoo umsikilize tu kisha uende zako, hatakushika. Nakuomba kwa ajili yake, na kwa ajili yako, na nitakuwa mnafiki nisiposema kwamba nakuomba kwa ajili yangu, kwa sababu ni mimi nitakayekuwa naye pale, ni mimi atakayenigeukia jua likishapanda na hakuna mtu, na sauti yake ya mwisho atakuwa ameitumia kuniuliza uko wapi.

Shangazi anakusalimu sana, anasema uje na nazi. Yonas na mkewe wanakusalimu. Katekista Festo anakuombea kwa jina kila Jumapili, kwa sauti kubwa, na Baba huwa anaitikia Amina kabla ya watu wote. Nisalimie wote unaokaa nao, na wale wanaokutunza huko unishukurie sana.

Na jambo moja la mwisho, kaka. Ikiwa barua hii utaisoma na usitake kuja, usinitumie sababu. Mwambie Abdillah aseme kwamba alizunguka kote hakukuona. Hilo nitaweza kumwambia Baba, nami nitalia naye. Lakini kwamba ulikuwepo, ukasoma yote haya, ukakataa, hilo nisilijue, kwa sababu nikilijua ataliona usoni mwangu, na hatakuwa na sauti ya kuniambia nisilie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Paskalina Maximilian